Boma Lililonyamaza

Asubuhi ile Javan hakulia.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaendelea na kazi zake. Maana Javan, mtoto wa Awino na Frankline, alikuwa mtoto wa kulia hasa. Alilia akiamshwa, akalia akioshwa uso, akivishwa sweta ya shule alijikaza kama mbuzi anayevutwa sokoni, na majirani pale Sindo walishazoea kusema, "Haya, Javan ameanza, watoto waende shule." Sasa asubuhi ile Awino aliingia chumbani amejiandaa kwa vita, akamkuta mtoto ameketi ukingoni mwa kitanda, amejivalisha mwenyewe, vifungo vyote mahali pake, mikono juu ya magoti. Nywele zake zilikuwa mbichi, kama za mtu aliyetoka kuoga ziwani.

"Umeamka, baba?"

"Nimeamka, Awino."

Awino akacheka kidogo. Mtoto wa miaka sita kumwita mama yake jina! Akasema moyoni, huu ni utundu wa shule. Akammiminia chai, akamwekea omena, wale dagaa wa ziwani, waliobaki. Javan siku zote aliwakata omena vichwa na kuvisukuma pembeni, akidai vinamwangalia. Asubuhi ile alikula vichwa. Vichwa peke yake, kimoja kimoja, bila haraka, na miili akaipanga ukingoni mwa sahani, mkia kwa mkia. Akasema asante. Akachukua mkoba akatoka, na mbwa wao Bosi, aliyemsindikiza kila siku mpaka lango la shule, hakumfuata. Alimtazama akipita, akarudi nyuma nyuma mpaka matako yakagusa ukuta.

Ili ieleweke kwa nini Awino hakushtuka mapema, ni lazima ijulikane nyumba ile ilikuwa imechoka vipi. Frankline alikuwa fundi wa pikipiki Kehancha, kule karibu na mpaka. Nyumbani alionekana kwa nadra, na akionekana alikuwa amelala. Awino, nyar Suna, yaani binti wa Suna, aliolewa Sindo bila kujua lolote kuhusu omena, akajifunza kuwanunua ufukweni alfajiri, kuwaanika, kuwageuza, kuwakinga na mvua na kunguru, kisha jioni arudi kwa mtoto anayelia. Kwa simu yeye na mumewe hawakuwa wanaongea, walikuwa wanagombana. Siku moja Javan alimwaga maziwa, na Awino akampiga kwa mwiko, akampiga, akampiga, mpaka Dani akaja kumshika mkono. Dani ndiye mama mkwe wake, Emmaculate kwa jina la ubatizo, lakini boma zima lilimwita Dani, yaani nyanya. Awino alipoutazama mwiko mkononi mwake aliogopa. Hakuuogopa mwiko. Aliuogopa mkono.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemwambia kuna washauri wanaosaidia wazazi waliolemewa, kwa mtandao, mnaonana uso kwa uso kwenye simu. Ndivyo walivyompata Liz. Liz alikuwa Nairobi, na alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Hakuwa na madharau, na mtu asije akamlaumu kwa yaliyofuata. Kila wiki walikutana watatu kwenye kioo cha simu, Liz juu, Frankline chini na matairi nyuma yake, Awino pembeni, na Liz akawafundisha kusemezana kwa zamu, kutoka nje kabla mkono haujainuka, kuchuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto. Na ilisaidia. Huo ndio uchungu wa habari hii, kwamba ilikuwa inasaidia.

Sasa jioni ya kabla ya asubuhi ile, kikao kilikuwa hakijaanza vizuri wakati upepo ulipopanda.

Watu wa ufukweni wanajua pepo mbili. Kuna wa mvua, na kuna ule unaotoka ziwani bila wingu hata moja, wenye harufu ya tope la chini kabisa, na ndani yake mna watu wanaoongea lakini hushiki wanachosema. Hao ni nyawawa, majini wa ziwani. Wanapita bomani wakitafuta nyumba iliyo kimya. Dawa yao ni makelele. Jirani akipiga sufuria nawe piga yako, au debe, au bati, uwasukume kwa wa pili, naye awasukume kwa wa tatu, mpaka warudi majini. Na wakikuita jina, usiitike. Hata mtoto anayetambaa Sindo anajua hilo.

Kwa jirani yao Gordon bati lilikuwa limeshaanza kulia. Dani akaja mlangoni na sufuria yake kubwa.

"Toa debe, nyar Suna. Wamefika."

"Mama, leo nisamehe," Awino akasema chini chini, amefunika simu kwa kiganja. "Niko na yule mshauri. Baba Javan leo amekubali kusema. Wakisikia hii makelele watasema sisi ni watu wa aina gani?"

"Watasema ni watu wako na watoto."

"Kidogo tu, Mama. Hapa kwetu tunyamaze. Si majirani wote wanapiga?"

Dani alimtazama mkaza mwanawe. Alikuwa ameona ugomvi wa nyumba ile, alikuwa ameona ule mwiko, na alichotaka duniani ni nyumba ya mwanawe ipone. Akaiweka sufuria chini kando ya ghala, akaenda nyumbani kwake polepole. Awino akafunga madirisha. Javan alikuwa nje na Bosi, na kwa vile alikuwa na tabia ya kuingia ingia kuomba hiki na kile, Awino akafunga mlango kwa komeo, akatia visikizio masikioni.

"Hiyo kelele ni ya nini, Mama Javan?" Liz akauliza.

"Ni watoto tu wanacheza."

Frankline alikuwa amezaliwa katika boma lile. Aliijua ile sauti kuliko anavyojua sauti ya injini. Alifungua mdomo. Kisha naye akaona haya, akaufunga.

"Endelea, Baba Javan," Liz akasema. "Tuko hapa."

Na Frankline akasema. Alisema anaogopa kupiga simu nyumbani kwa sababu kila akipiga anasikia mtoto analia, na anajua yule mtoto analilia baba. Alisema hayo akashindwa kuendelea, akageuza uso kwenye matairi, mabega yakitetemeka. Awino hakuwahi kumwona akilia. Ndipo mlango ukagongwa.

"Mama, nifungulie."

Awino akainua kidole, kama mtu anayemwambia mtoto ngoja.

"Mama, wananiita jina. Niitike?"

Alisikia. Hakuna aliyemtetea baadaye kwamba hakusikia, na yeye mwenyewe hakujitetea. Alisikia, lakini masikio yalikuwa kwa mumewe, akadhani ni watoto wa jirani yao Trizah wanamwita mwenzao kucheza, akajibu upesi upesi bila kugeuka: "Ee, itika basi, baba. Nakuja."

Nje pakawa kimya.

Alipomaliza kikao na kufungua mlango, moyo wake mwepesi kama wa msichana, Javan alikuwa amesimama pale pale kizingitini, amempa mgongo, anatazama upande wa ziwa. Bosi hakuonekana. Awino akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, kama alivyofundishwa, akamkumbatia. Javan alikuwa baridi. Akasema ni upepo.

Basi siku zikafuata za amani, na hakuna kitu kibaya kama amani ile. Mtoto hakulia tena. Hakukataa chakula, hakuomba kitu, hakuangusha kitu. Mwalimu akamsifu. Liz alimwona kwenye simu ameketi wima kando ya mama yake, akasema, "Mnaona? Mtoto anasoma nyuso zenu. Mkitulia, naye anatulia." Frankline akaja nyumbani, akakaa siku nyingi kuliko kawaida, akacheka na mkewe kama zamani walipooana. Lakini Awino alianza kugundua mambo. Chumba cha Javan kilinuka tope, hata akipiga deki kwa sabuni, hata akianika godoro juani. Mtungi wa maji uliojazwa asubuhi ulikuwa mtupu kabla ya adhuhuri. Na jioni Bosi alikwenda kusimama kwenye lango la boma, akitazama ziwani, akitikisa mkia, akilia kwa furaha ya mbwa anayeona mtu wake, na hapakuwa na mtu.

Dani ndiye aliyesema kwanza. Walikuwa wanachambua omena, wawili tu.

"Nyar Suna, nikuulize kitu usinikasirikie. Huyu mtoto umewahi kumwona akitoka jasho?"

Awino akaacha kuchambua.

"Na mbona anatuita majina?" Dani akanong'ona. "Mimi jana ameniita Emmaculate. Nani alimfundisha hilo jina? Aliyekuwa ananiita hivyo alizama na mtumbwi mimi nikiwa msichana."

Hapo Awino akayatoa yote, maneno yakigongana mdomoni, komeo, visikizio, na lile swali la mlangoni. Dani alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia aitike?"

"Nilimwambia, Mama."

"Yawa," Dani akasema, akakaa chini kwenye mchanga kati ya omena kama mtu aliyekatwa miguu. "Na mimi niliweka sufuria chini. Yawa, yawa."

Awino alimpigia Liz, akamweleza peke yake. Liz hakumcheka. Alimwambia anasikia jinsi alivyochoka, akamwomba ampeleke mtoto kwa daktari, na Awino akampeleka. Daktari alimpima akasema ni mtoto mzima, hana tatizo. Kila mtu alisema hana tatizo.

Ndipo Dani akamwita Susana, mama wa kanisa la Roho aliyejulikana toka Sindo hadi Migori kwa kutoa majini. Alikuja mchana, jua likiwaka, amevaa kanzu nyeupe. Hakupiga ngoma wala hakuwasha kitu. Alichuchumaa mbele ya Javan, wakatazamana muda mrefu, kisha akatoka nje anajipangusa uso.

"Huyu naweza kumtoa hata sasa hivi," akamwambia Awino kwa sauti ndogo. "Hana nguvu ya kunishinda. Lakini nikimtoa, nitakuachia nini mkononi? Nguo. Mwenyewe hayumo."

"Yuko wapi?"

"Yuko nao. Anatembea nao. Watakapopita tena atatafuta nyumbani, mtoto ni mtoto. Lakini akifika atakuta nini? Sufuria."

Awino akaelewa: sufuria zile zile zingemfukuza mwanawe.

"Akikuta kimya anaweza kuingia," Susana akaendelea. "Si boma lako peke yake. Upepo unasukumwa na majirani. Wote wanyamaze. Umshike mkono, useme jina lake, mimi nitamtoa huyu papo hapo yule aingie. Na nikuambie ukweli, mama, ni mara moja. Mtu akifukuzwa na watu wake mwenyewe, njia ya kwao anaisahau."

Basi Awino akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Trizah, muuza samaki wa kukaanga, alikuta mafuta yanachemka.

"Awino, mimi niko na mapacha," Trizah akasema, hakuinua macho. "Unataka ninyamaze wapite mlangoni kwangu?"

"Kidogo tu, Mama Mapacha."

"Kidogo! Siku ile mlinyamaza kwa kidogo. Mlituona washamba na masufuria yetu. Sasa kijiji kizima kinyamaze kwa sababu yenu?" Kisha akamwona Awino usoni, akaweka mwiko chini. "Aki usilie. Usilie basi. Nitawashika mapacha kwa mapaja, mmoja huku mmoja huku, na niwazibe mdomo. Lakini ukimpata, piga yowe haraka. Haraka, unasikia?"

Gordon naye alikuna kichwa, akasema katika maisha yake hajawahi kusikia Sindo inyamaze, lakini mtoto ni wa wote. Wakakubaliana hivyo. Na Frankline, aliyebishana kwa simu, aliyesema mtoto amepona mnataka kumwua, siku upepo ulipoanza kubadilika alikuwa ameshafika kutoka Kehancha, kimya, macho mekundu. Wakampa kazi ya kumshika yule aliyekuwa katika mwili wa Javan, jikoni, asitoke. Susana akasimama mlangoni mwa jiko. Awino akaenda langoni, akapiga magoti kando ya Bosi.

Jua halijazama. Upepo ukapanda bila wingu, ukaleta harufu ya tope, ukafika nyumba za kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu mji ule uwe mji hapakulia bati wala debe, watu walikuwa ndani wamewakumbatia watoto wao, viganja midomoni, wakisikiliza zile sauti zikipita chini ya mapaa, zikijaribu madirisha, zikiita, Caleb, Lynnet, Chrispine, Gordon, zikiita kwa upole kama mama anayeita watu waje kula, na hakuna aliyeitika, na Awino pale langoni alisikia kati ya sauti zote hizo moja inayolia, kilio anachokijua, kilio kilichomchosha miaka sita, kikija juu ya njia ya ufukweni kwa kukatakata kama mtoto anayekimbia huku analia, na Bosi akaruka, akazunguka, akalamba hewa, na Awino akasikia harufu ya jasho na chaki na sweta ya shule, akanyoosha mkono, na vidole vidogo, vyenye joto, vikaingia ndani ya kiganja chake.

"Mama."

"Ja—"

Jikoni Frankline alikuwa amemsikia mwanawe akilia. Ni nani atakayemlaumu? Ndicho kilio alichokuwa akikikimbia kwa kukaa Kehancha, na sasa alikitaka kuliko pumzi. Mikono yake ikalegea. Alisogea mlangoni hatua moja tu, akamziba Susana njia, na nyuma yake yule aliyekuwa ameketi kwa adabu siku zote akainuka, akachukua sufuria kubwa ya Dani, iliyokuwa imewekwa jikoni tangu jioni ile, akaipiga.

Aliipiga kwa mwiko, kwa nguvu ambazo mtoto hana. Trizah aliposikia sufuria ikilia kwa Awino alidhani ndiyo ishara, akapiga yake. Gordon akapiga bati. Kisha wote, nyumba zote, kwa woga wote waliokuwa wameumeza wakapiga, masufuria, madebe, vifuniko, milango, na wengine wakishangilia kwa kudhani mtoto amerudi. Awino alipiga kelele wanyamaze na hakuisikia hata sauti yake. Vidole vikavutwa kutoka kiganjani, kimoja kimoja. Kilio kikageuka, kikaanza kuteremka kuelekea majini, na kabla hakijapotea kikasema kwa mshangao mtupu, bila hasira:

"Mama, mbona mnanifukuza?"

Bosi alikifuata mbio mpaka ndani ya maji, na hakuonekana tena.

Susana aliuliza mara moja, akiwa ameshika pindo la kanzu yake, kama amtoe yule. Awino alimtazama yule mtoto ameketi jikoni, sufuria magotini. Kovu la gotini lilikuwa la Javan, alilolipata alipoanguka kwenye ngazi za kanisa. Masikio yalikuwa ya Frankline. Akimtoa, angezika hayo yote kesho yake, na angezika bila mwenyewe kuwemo.

"Mwache," akasema.

Frankline alirudi Kehancha. Akipiga simu huuliza habari za Dani, za omena, za mvua. Dani hatoki tena kwake upepo ukija. Husikika akilia peke yake, hapigi kitu. Vikao vya Liz viliisha kwa heshima, Awino akashukuru, na Liz akasema wao ni mfano mzuri.

Mimba ilikuwa ya siku zile za amani. Awino hakuwa amemwambia mtu. Alasiri moja alikuwa ameketi juu ya mkeka, omena wamekauka vizuri pembeni, tumbo chini ya kitenge halijaonekana bado, na yule mtoto akaja kwa miguu isiyo na sauti, akachuchumaa na kuinama mpaka uso wake ukawa sawa na kitovu cha Awino. Akaegemeza sikio. Akasikiliza kidogo, kisha akaweka mdomo pale pale kwenye nguo, na kwa upole mkubwa akaita jina ambalo Awino hajawahi kulisikia.

Akangoja.

Na ndani ya tumbo, kwa mara ya kwanza, mtoto akacheza.